Kwa nini atomu mbili za florini hukaribiana pale tunapotarajia ziachane?

“Shikamoo mwalimu. Ninaandika tasnifu ya shahada ya kwanza ya kemia, na sehemu ya kazi yangu ni kukokotoa kwa kompyuta nishati ya molekuli ndogo zinapojizungusha kwenye bondi moja ya kaboni na kaboni. Darasani tulifundishwa kwamba makundi makubwa hukaa mbalimbali kadiri yanavyoweza, kwa hiyo umbo lenye pembe ya nyuzi 180 ndilo lenye nishati ndogo kuliko yote. Butani ilitii kanuni hiyo, na 1,2-dikloroethani pia. Lakini 1,2-difloroethani imekataa: umbo ambalo florini zimekaribiana, kwenye nyuzi 72 hivi, liko chini kwa takribani kilojuli 3 kwa moli. Nimerudia mara nne. Mwenzangu mmoja anasema florini zinavutana kwa bondi ya haidrojeni. Mwingine anasema programu imekosea na nifute safu hiyo kwenye jedwali. Nilipoweka maji kuwa kiyeyushi, hata dikloroethani ikaanza kuyumba. Je, nimekosea mimi, au kanuni ndiyo ya uongo? Nilikuwa nimepanga kuendelea na 2-floroethanoli maabarani. Nifanyeje?”

Marahaba, na hongera kwa kurudia kazi mara nne kabla ya kuuliza. Tafadhali usiifute safu hiyo. Programu yako imekupa jibu ambalo vipimo vya gesi vimelithibitisha kwa miaka mingi: katika 1,2-difloroethani umbo ambalo florini zimekaribiana ndilo lenye nishati ndogo, na pembe yake ni nyuzi 71 au 72, kama ulivyoipata. Kanuni uliyofundishwa nayo si ya uongo. Tatizo lake ni kwamba inahesabu gharama moja tu, ilhali molekuli hulipa gharama kadhaa kwa wakati mmoja, na mara nyingine ile isiyotajwa darasani ndiyo inayoamua.

Kabla sijaendelea, tukubaliane juu ya majina. Umbo ambalo molekuli hulipata kwa kuzungusha bondi moja, bila kuvunja chochote, nitaliita mkao. Pembe kati ya atomu mbili tunazozifuatilia, ukitazama molekuli kwa kuielekeza bondi ya katikati kwenye jicho lako, ni pembe ya msokoto. Ikiwa nyuzi 180, atomu hizo zimepeana mgongo, na huo ni mkao wa kinyume. Ikiwa karibu na nyuzi 60, atomu ziko ubavu kwa ubavu, na wanakemia huuita mkao wa goshi, neno lililotoka Kifaransa. Mikao hiyo miwili ni ya kupishana, kwa maana kwamba bondi za kaboni ya mbele zinapita katikati ya nafasi za bondi za kaboni ya nyuma. Zikifika nyuzi sifuri na kuzibana kabisa, huo ni mkao wa kufunikana, ambao kwa kawaida una nishati kubwa.

Niseme kwanza kanuni yenu ilizaliwaje, kwa sababu ukijua ilikotoka utajua pia inakoishia. Zamani ilidhaniwa kwamba bondi moja huzunguka bila kizuizi chochote. Mwaka 1936 Kemp na Pitzer walionyesha kwamba entropia iliyopimwa ya ethani, yaani kipimo cha wingi wa hali ambazo molekuli zinaweza kuwa nazo, hailingani na dhana hiyo, isipokuwa tukubali kuwa kuna kilima cha nishati cha takribani kilojuli 12 kwa moli kati ya mkao mmoja wa kupishana na mwingine. Kilima hicho ni kidogo. Katika halijoto ya kawaida molekuli ya ethani hukivuka mara makumi ya mabilioni kwa sekunde. Hata hivyo kuvuka kwa haraka hakumaanishi kutojali: molekuli hutumia muda mwingi mabondeni na muda mchache sana vileleni. Kisha ikaja butani, ambayo mkao wake wa kinyume uko chini ya goshi kwa takribani kilojuli 3 hadi 4 kwa moli kwa sababu makundi mawili ya methili yakiwa ubavu kwa ubavu haidrojeni zao husongamana. Vitabu vya mwanzo hufundisha kwa butani, na hapo ndipo wanafunzi wengi hujijengea sheria kwamba kikubwa hukimbia kikubwa. Kwa hidrokaboni sheria hiyo inatumika vizuri. Lakini butani ina kaboni na haidrojeni tu, atomu ambazo nguvu zao za kuvuta elektroni hazitofautiani sana. Mara tu unapoingiza florini, oksijeni, nitrojeni au salfa, umeingia katika eneo ambalo butani haikukuandaa.

Sasa nije kwa wenzako. Anayesema kuna bondi ya haidrojeni kati ya florini na florini amekosea, na ni vyema umweleze sababu kwa upole. Bondi ya haidrojeni huhitaji haidrojeni iliyoshikwa na atomu yenye kuvuta elektroni kwa nguvu, kama oksijeni au nitrojeni. Katika 1,2-difloroethani haidrojeni zote zimeshikwa na kaboni. Florini zote mbili zina chaji hasi kiasi, na chaji za aina moja husukumana. Ukiziangalia florini hizo peke yake, kila kitu kinakuambia zingepaswa kuachana. Kwa hiyo usiulize ni nini kinachozivuta pamoja, kwani hakuna kitu kama hicho. Uliza ni faida gani ambayo molekuli huipata kwingineko, kubwa kiasi cha kufidia hasara ya kuzikaribisha florini mbili.

Faida hiyo iko kwenye bondi za kaboni na haidrojeni. Chukua karatasi uchore mchoro wa Newman, yaani molekuli inavyoonekana ukiitazama kufuata bondi ya katikati, wa mikao yote miwili, kisha jiulize kila bondi ya mbele imepeana mgongo na bondi gani ya nyuma. Katika mkao wa kinyume, bondi ya kaboni na florini imepeana mgongo na bondi nyingine ya kaboni na florini, na bondi za haidrojeni zimepeana mgongo zenyewe kwa zenyewe. Katika goshi hali hubadilika: kila bondi ya florini sasa imepeana mgongo na bondi ya haidrojeni, na jozi moja tu ya haidrojeni kwa haidrojeni ndiyo iliyobaki. Ukiuona mchoro huo vizuri, nusu ya swali lako imekwisha.

Nusu iliyobaki ni kueleza kwa nini jozi hiyo ya haidrojeni na florini ina thamani. Kila bondi ya kovalenti ina obitali iliyojaa, ambamo elektroni mbili hukaa na kuishikilia bondi, na pia ina obitali tupu yenye nishati ya juu zaidi, ambayo elektroni zikiingia humo huidhoofisha bondi hiyo. Florini huvuta elektroni kuliko elementi nyingine zote. Kwenye kipimo cha Pauling ina 3.98, wakati kaboni ina 2.55 na haidrojeni 2.20. Kwa sababu hiyo obitali tupu ya bondi ya kaboni na florini imeshuka chini kiasi, na sehemu yake kubwa imeelekea upande wa kaboni, kwa hiyo ni mpokeaji mzuri. Bondi ya kaboni na haidrojeni, kwa upande wake, haizishiki elektroni zake kwa nguvu sana, kwa hiyo ni mtoaji mzuri. Mtoaji na mpokeaji wakipeana mgongo sawasawa, obitali zao hulingana, na sehemu ndogo ya elektroni za bondi ya haidrojeni humwagikia kwenye obitali tupu ya bondi ya florini. Kumwagika huko hutandaza elektroni kwenye nafasi kubwa zaidi na hushusha nishati ya molekuli nzima. Jina lake la kitaalamu ni haipakonjugesheni. Kiasi kinachohama ni kidogo mno, na hakuna bondi mpya inayozaliwa. Lakini tunazungumzia tofauti za kilojuli chache kwa moli, na kwa kiwango hicho kidogo hicho kinatosha.

Angalia kwamba katika mkao wa kinyume mpokeaji amepeana mgongo na mpokeaji mwenzake. Bondi ya florini si mtoaji mzuri, kwa kuwa elektroni zake zimebanwa na florini yenyewe, hivyo wapokeaji wawili wanatazamana bila wa kutoa. Watoaji nao wamepeana mgongo kwa watoaji. Molekuli inapata nafasi kubwa ya kupumua lakini inapoteza ushirikiano. Katika goshi inabanwa kidogo, na inapata jozi mbili za mtoaji na mpokeaji. Mwaka 1972 Saul Wolfe aliandika juu ya tabia hii kwa jumla akiiita athari ya goshi, na hilo ndilo neno la kutafuta ukienda maktaba.

Nina hakika utaniuliza: mbona klorini, ambayo nayo huvuta elektroni, haifanyi hivyo? Hapa uwe mwangalifu, kwa sababu jibu la haraka kwamba klorini ni mvutaji dhaifu halitoshi. Obitali tupu ya bondi ya kaboni na klorini nayo ni mpokeaji mzuri, na haipakonjugesheni ipo pia katika goshi ya dikloroethani. Tofauti ni kwamba klorini ni kubwa. Nusukipenyo chake cha kugusana na majirani ni kama pikomita 175, cha florini ni 147, na msukumano wa klorini mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu huizidi faida. Ndiyo maana katika gesi dikloroethani hupendelea mkao wa kinyume kwa takribani kilojuli 5 kwa moli, na bromini, iliyo kubwa zaidi, huupendelea kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo molekuli zako mbili zinafuata hesabu ileile, zikipata jumla tofauti. Jambo hili ningependa lionekane katika tasnifu yako, maana wengi huandika kana kwamba florini ina sheria yake ya pekee.

Ni haki pia nikuambie kwamba wataalamu hawajakubaliana kuhusu kila kipengele. Kenneth Wiberg, kwa mfano, aliieleza goshi ya difloroethani kwa njia nyingine: florini hupinda bondi ya katikati, na katika mkao wa kinyume bondi hiyo hupindwa pande mbili tofauti hivi kwamba obitali zake haziingiliani vizuri. Hata ethani, iliyo sahili kuliko zote, imezua mjadala mkali. Mwaka 2001 Pophristic na Goodman walidai kwamba ethani hupishanisha haidrojeni zake kwa sababu ya haipakonjugesheni na wala si kwa sababu ya msukumano. Mwaka 2003 Bickelhaupt na Baerends wakajibu kwamba msukumano wa elektroni ndio chanzo kikuu. Mzizi wa mabishano hayo ni kwamba nishati ya jumla ndiyo inayopimika, wakati kuigawa katika mafungu ya msukumano, uvutano na haipakonjugesheni hutegemea njia ya kugawa unayoichagua. Kwa maoni yangu maelezo ya mtoaji na mpokeaji ndiyo yanayotabiri mambo mengi zaidi kwa juhudi ndogo zaidi, na ndiyo ningekushauri uyashike, mradi uandike wazi kwamba ni tafsiri ya matokeo.

Kuhusu maji, ulichokiona ni sahihi na kina sababu yake. Kila bondi ya kaboni na halojeni ina upande wa chaji chanya kiasi na upande wa chaji hasi kiasi, yaani ni dipoli ndogo. Katika mkao wa kinyume dipoli mbili huelekea pande zinazopingana na kufutana kabisa. Katika goshi haziwezi kufutana, hivyo molekuli nzima inabaki na dipoli kubwa. Kiyeyushi chenye upolari mkubwa, kama maji, hukumbatia molekuli yenye dipoli na kuishusha nishati, lakini hakina cha kushika kwenye molekuli isiyo na dipoli. Kwa sababu hiyo dikloroethani, ambayo katika gesi hupendelea kinyume, ikiwa kimiminika hufikia hali ambayo nishati za mikao yote miwili karibu zinalingana. Jedwali lisilotaja kama namba zake ni za gesi au za kiyeyushi humpotosha msomaji, hata kama kila namba ni sahihi.

Kuna kosa jingine ambalo wanafunzi wengi hulifanya, nami nalitaja ili lisikupate: kusahau kuhesabu milango. Mkao wa kinyume ni mmoja, lakini goshi ziko mbili, moja ikiwa taswira ya kioo ya nyingine, zenye nishati sawa. Katika nyuzi 25 za selisiasi, nishati ya joto inayotumika katika mgawanyo wa Boltzmann, kanuni inayosema molekuli hujigawa vipi kati ya hali zenye nishati tofauti, ni takribani kilojuli 2.5 kwa moli. Kwa difloroethani yako, tofauti ya kilojuli 3 hufanya kila goshi iwe na molekuli kama 3.35 kwa kila moja iliyo kinyume. Ukizidisha kwa mbili unapata 6.7, yaani karibu asilimia 87 ya molekuli ziko goshi. Kwa dikloroethani katika gesi, tofauti ya kilojuli 5 upande wa pili huacha karibu asilimia 79 kinyume, na sehemu ya tano hivi bado ni goshi. Hii ina maana kwamba usiandike “molekuli ina mkao huu” kana kwamba mwingine haupo. Andika mgawanyo.

Ukishaizoea hesabu hii utaanza kuikuta mahali pengi, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni sukari. Pete ya glukosi ina kaboni ya kwanza ambayo kundi lake la hidroksili linaweza kusimama wima juu ya pete au kulala ubavuni. Kanuni ya msongamano inasema vilivyo kwenye pete ya atomu sita hulala ubavuni. Katika maji, glukosi ya alfa, ambayo hidroksili hiyo imesimama wima, ni kama asilimia 36, na ya beta ni 64. Kwa msongamano peke yake alfa ingekuwa chache zaidi ya hapo. Ukibadili hidroksili hiyo kuwa methoksi, yaani oksijeni iliyobeba methili, na kuacha mchanganyiko ufikie uwiano ndani ya methanoli yenye asidi, alfa huwa ndiyo nyingi, takribani theluthi mbili. Mwaka 1955 J. T. Edward alilieleza jambo hili, na Raymond Lemieux akaliita athari ya anomeri. Mtoaji hapa ni jozi ya elektroni zisizo na kazi kwenye oksijeni ya pete, na mpokeaji ni bondi ya kaboni na oksijeni iliyo nje ya pete. Zinapeana mgongo pale tu bondi hiyo inaposimama wima. Uzuri wa mfano huu ni kwamba umeacha alama zinazopimika: katika fuwele za molekuli za namna hii bondi ya nje iliyosimama wima mara nyingi huwa ndefu kidogo na ile ya ndani ya pete huwa fupi, kama inavyotarajiwa elektroni zinapohama kutoka oksijeni kwenda kwenye obitali tupu. Maelezo ya dipoli nayo yana sehemu yake, kwani kusimama wima hupunguza jumla ya dipoli, na ndiyo sababu athari hupungua ndani ya maji.

Jozi za elektroni hujionyesha pia katika haidrojeni peroksaidi, ambayo kwenye gesi hujisokota hadi nyuzi 111 au 112, pembe ambayo haimo katika orodha ya 60 na 180 tuliyoizoea. Na katika bondi za salfa na salfa ndani ya protini, ambazo hupenda karibu na nyuzi 90. Esta, kwa upande wake, huweka kundi la alkili upande uleule wa oksijeni ya kabonili, ile iliyoshikwa na kaboni kwa bondi mbili, upande unaoonekana kuwa na msongamano zaidi. Kwenye propeni, bondi moja ya haidrojeni ya methili hufunikana na bondi mbili ya jirani, jambo ambalo anayetoka kwenye ethani hulikataa mara ya kwanza anapoliona. Na si mambo ya vitabuni tu. Mwaka 1998 kundi la Ronald Raines lilionyesha kwamba kuweka florini kwenye prolini, asidi amino yenye pete, katika nafasi na upande unaofaa, huimarisha msokoto wa minyororo mitatu wa protini ya kolajeni, na sababu kubwa ni kwamba florini huielekeza pete ya prolini kwenye mkao unaohitajika kwa njia hii hii ya goshi.

Nirudi kwenye meza yako. Tofauti ya kilojuli 3 kwa moli ni ndogo kiasi kwamba njia ya kukokotoa inaweza kuibadilisha, kwa hiyo ipe ulinzi. Hakikisha kila mkao unaouita bonde hauna masafa ya mtetemo yenye thamani ya kuwazika (“imaginary”). Yakiwepo, uko kileleni. Zungusha pembe kwa hatua za nyuzi 10 au 15 na uchore mkunjo mzima badala ya kutegemea nukta mbili. Tumia seti ya msingi, yaani kundi la funksheni ambazo programu hutumia kuunda obitali, yenye funksheni zinazofika mbali na kiini, kwa sababu florini huzihitaji, na ulinganishe angalau njia mbili za kukokotoa. Toa nishati huru, inayojumlisha pia athari za joto na entropia, pamoja na nishati ya elektroni, na useme wazi ni ipi iko kwenye safu ipi. Ikiwa njia zote zinakubaliana juu ya mkao ulio chini, una hoja imara hata kama ukubwa wa tofauti unatofautiana kidogo.

Ukipata nafasi ya kutumia NMR, kifaa kinachosoma viini vya atomu ndani ya sumaku, kumbuka kwamba molekuli hizi huzunguka haraka mno kwa kifaa hicho, kwa hiyo utasoma wastani wa mikao yote. Uhusiano ambao Martin Karplus aliueleza mwaka 1959 unasema kwamba mwingiliano wa haidrojeni mbili jirani hutegemea pembe ya msokoto: huwa karibu na hezi 2 hadi 4 zikiwa goshi, na karibu na 10 au zaidi zikipeana mgongo. Lakini atomu zinazovuta elektroni hupunguza namba hizo, hivyo usizitumie moja kwa moja kwa molekuli zenye florini bila marekebisho.

Kuna mambo mawili ambayo maandishi yangu hayatoshi na unapaswa kukaa ana kwa ana na mtu. La kwanza ni kama njia zako zitapingana juu ya mkao ulio chini, au ukiingia kwenye molekuli zenye chaji, kama vile amini yenye florini iliyopokea protoni. Huko mvutano kati ya chaji chanya ya nitrojeni na florini huwa mkubwa kuliko haipakonjugesheni, kiasi kwamba florini kwenye piperidini yenye chaji, pete ya atomu sita iliyo na nitrojeni moja, husimama wima bila kusitasita, na modeli ya kiyeyushi ikichaguliwa vibaya matokeo hayana maana. Mpelekee msimamizi wako, au mtaalamu wa ukokotoaji katika idara, faili zenyewe za kazi na wala si jedwali peke yake, maana kosa huwa ndani ya faili.

La pili ni zito zaidi, na naomba unisikilize kama ungemsikiliza mzazi. 2-floroethanoli si kitu cha kuanza nacho maabarani. Mwili huigeuza kuwa floroasetati, na hiyo huzalisha florositrati inayozuia mzunguko wa asidi ya sitriki ndani ya seli. Ni sumu kali, huingia kwa kuvutwa puani na kupitia ngozi, na kiasi kidogo kinaweza kuua. 1,2-dikloroethani nayo ni sumu na inashukiwa kusababisha saratani. Usiagize wala kufungua chupa ya yoyote kati ya hizo kabla hujaketi na msimamizi wako na afisa wa usalama wa maabara, mkasoma karatasi ya usalama pamoja, na wakakubali kwa maandishi. Kwa swali lako la kisayansi huzihitaji hata kidogo. 2-floroethanoli ikokotoe kwenye kompyuta, na humo utajifunza jambo la maana: hapo kweli kuna haidrojeni iliyoshikwa na oksijeni, kwa hiyo hoja ya mwenzako kuhusu bondi ya haidrojeni ina mahali pa kusimama, na sehemu ya upendeleo wa goshi hutokana na haidrojeni hiyo kuielekea florini. Igeuze hidroksili iangalie upande mwingine, kokotoa tena, na uone ni kiasi gani cha upendeleo kinabaki. Kiasi hicho kinachobaki kiweke kando ya safu yako ya difloroethani, ile uliyoambiwa uifute.